Chupa Isiyo na Kamba

Nyie mliopita gereji yangu hapa Kibondo mliniita Mzee Nusa mkidhani sijui. Nilikuwa najua. Niliwasikia mkicheka nyuma ya lori: "Usimimine, mzee hajanusa!" Kila chupa, kila kopo, kila debe, sharti pua itangulie. Mmoja wenu, simtaji, sasa ni fundi mkubwa huko Kahama, alinusa petroli akapiga chafya mara saba, akasema kazi hii itamuua. Mbona hajafa? Sasa nimestaafu, goti la kulia halikunji, muda wa kukaa kwenye kiti ninao. Nataka niwaambie pua hii niliipatia wapi. Mkimaliza kusoma huenda mkanipa jina jingine, na sitawalaumu.

Nianze na wivu, maana ndio wenye habari hii. Watu wakisikia wivu wanafikiria mambo ya mapenzi. Kuna wivu wa spana, vijana wangu. Nati imekukatalia tangu asubuhi, umeipiga nyundo, umeitukana, umeimwagia mafuta. Anakuja mwenzio, anaweka spana bila hata kuangalia, anazungusha mara moja, nati imetoka. Wewe unatabasamu, unasema "hongera, kaka," na mdomoni mate ni shubiri. Nimeishi na kitu hicho miaka mingi, na sitawadanganya kwamba kimeisha.

Gereji haikuwa yangu mwanzoni. Ilikuwa ya Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji aliyepanda huku milimani na lori bovu akakwama, na kukwama kwenyewe kukawa makazi. Alinipokea mimi kijana wa Kiha nisiyejua plagi wala betri, akanifundisha kwa mdomo, na siku nyingine kwa kofi. Herufi za kwenye makopo hakuzisoma. Kurani aliisoma mpaka unaacha kazi kumsikiliza, lakini maandishi ya kizungu kwake yalikuwa michoro tu. Kwa hiyo kila kitu gerejini kilikuwa na alama aliyoibuni mwenyewe, na mojawapo ya alama hizo ndiyo iliyoniletea haya.

Miaka ile ya sabini mafuta ya breki yalikuwa adimu. Kopo likifika kutoka Kigoma unaligawa kwenye chupa, unazificha kabatini. Mafuta ya jeki nayo tuliyatia kwenye chupa za aina ileile, na rangi zilikaribiana mno, chai nyepesi zote mbili. Basi Mzee aliifunga chupa ya mafuta ya jeki kamba ya mgomba shingoni, mafundo mawili. Yenye kamba ni ya jeki. Isiyo na kamba ni ya breki. Hatukuhitaji kusoma chochote.

Kabla kamba hazijaanza, mimi mwenyewe niliwahi kutia mafuta ya jeki kwenye breki za lori la mfanyabiashara mmoja. Sikilizeni kwa makini, maana hili halijabadilika hadi leo. Ndani ya silinda za breki kuna raba ndogo, na raba zile zikinywa mafuta ya jeki zinavimba kama andazi kwenye karai. Siku ya kwanza pedali inakuwa nzuri kabisa, unajisifu. Ya pili breki zinashika na haziachii, magurudumu yanachemka. Baada ya hapo, huna breki. Lori lile liliishia kwenye mtaro, kwa bahati hakuumia mtu. Mzee alinizaba kofi moja, kisha akanikalisha tukala ugali sahani moja. Ndipo akaanza kufunga kamba. Kwa hiyo mtu wa kwanza Kibondo nzima kujua mafuta ya jeki yanafanya nini kwenye breki ni mimi. Hilo mlishike.

Halafu akaja Sipriani.

Alivuka kutoka Burundi mwaka watu walipokuwa wakivuka kwa maelfu. Alikuja na nguo ya mwilini na mama yake mzee mgongoni. Kule Bujumbura alikuwa fundi kwenye gereji ya Mgiriki. Alisimama mlangoni kwetu, akapiga makofi taratibu kwa heshima kama tunavyosalimia sisi watu wa huku, akamwambia Mzee, "Amahoro, mzee wangu. Naomba kazi. Hata ya kufagia." Uani kulikuwa na lori lililonishinda siku tatu. Sipriani aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza. "Vali ya pili, mzee." Tukafungua. Vali ya pili.

"Alaa!" akasema Mzee Ramadhani.

Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka minane na ile Alaa sikuwahi kuipata.

Wiki haikuisha, mke wangu Generoza akaleta chakula cha mchana, akaondoka, na jioni nyumbani ananiambia hivi, bila hata kuinua macho kwenye maharage: "Yule Mrundi mikono yake misafi, hata akiwa kazini." Mimi huyo, nikatoka nje, nikachukua majivu na mchanga, nikaisugua mikono mpaka ikatoka damu. Generoza akauliza nimefanya nini. Nikamwambia nimejikata na feni belti.

Sasa gari. Sipriani aliomba kona ya uani, akaanza kuunda gari lake mwenyewe. Vyuma vya chasisi vilitoka kwenye vitanda vya chuma na mabomba, injini kwenye Moris iliyooza bodi, viti akavichonga kwa mninga. Watu wakawa wanapita kuangalia. Mimi nilimuuliza, kwa kejeli, "Kaka, unataka kwenda wapi na kitanda chenye injini?" Akanijibu polepole, "Mama yangu nilimbeba mgongoni siku nne. Sitaki kumbeba mtu mgongoni tena." Msidhani nililainika. Niliona wivu hata kwa sababu aliyokuwa nayo. Mimi sababu yangu ya kuwa fundi ilikuwa kukwepa jembe.

Mzee naye akaongeza kuni. Siku moja tukiwa tunakunywa chai akasema, "Macho yangu yanakwisha. Nataka nirudi Ujiji nikapumzike. Gereji hii nitamwachia mmoja wenu." Akaonyesha kile kigari kwa kidole. "Hicho kikifika Kasulu na kurudi salama, nitajua la kufanya." Mimi nikatafsiri hivi: gari likifika, gereji ni ya Sipriani. Labda hakumaanisha hivyo. Lakini tangu siku hiyo kila chuma alichokifunga kilikuwa kinanifunga mimi nje ya mlango.

Kilichobaki ilikuwa habu za mbele, yaani vile vitovu vya magurudumu, pamoja na breki zake. Injini ukikosea gari linakataa kuondoka, hakuna anayekufa. Habu na breki ukikosea, gari linaondoka vizuri sana, tatizo ni kurudi. Mzee akaniambia nimsaidie mwenzangu kutafuta. Nikamletea habu ya kulia ya Moris na ya kushoto ya Landrova. Nikasema, "Si zote duara?" Alicheka kwa adabu, akasema tujaribu. Tulikisukuma kigari kwenye mteremko wa uani bila injini, mimi usukanini. Nikakanyaga breki. Upande wa kulia ukashika, wa kushoto ukaendelea na safari zake. Gari likageuka kama mbuzi aliyevutwa sikio, likaingia kwenye bustani ya Mzee, likatulia katikati ya mchicha. Watu walicheka, Sipriani akanishika mkono kunitoa, na ule mkono wake wa kunisaidia uliniuma kuliko vicheko.

Shikeni na hili basi. Ukitafuta gari la kunyofoa vipuri vya breki, tafuta gari moja, chukua pande zote mbili, na kila upande uuchukue na familia yake nzima: habu, dramu, viatu vya breki, silinda, beringi, nati, hata washa. Funga vya kushoto peke yake na vya kulia peke yake. Vimezeeka pamoja, vinajuana.

Tukasikia kwamba Kasulu kuna Pijo ya zamani nyuma ya duka la Bi Zainabu, mama wa Kiislamu aliyeletwa na mumewe kutoka Bagamoyo. Mume alikuwa amefariki, na gari halikuwa limetembea tangu hapo. Kuku walitaga ndani yake. Tukapanda lori la maharage mimi na Sipriani, tukaenda. Njiani nilimwambia aniachie mimi maongezi, mgeni kama yeye asingeweza kupatana na watu wa duka.

Nikaingia kwa mbwembwe. "Shikamoo mama, tumekuja kukupunguzia ile skrepa yako pale nyuma."

Bi Zainabu akaweka mizani chini. "Skrepa?"

"Ile Pijo, mama."

"Marehemu mume wangu alinioa akanileta huku na gari lile, wewe unaliita skrepa? Toka dukani kwangu!"

Nikatoka. Nikakaa kwenye gogo ng'ambo ya barabara, nikamwangalia Sipriani anazunguka nyuma. Hakuingia dukani kabisa. Aliwatoa kuku taratibu mmoja mmoja, akafuta vumbi kwenye usukani kwa shati lake, akasimama pale kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Bi Zainabu akatoka kumfukuza, akamkuta hivyo. Sikusikia walichosema. Niliona tu mama wa watu anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, anaongea, anaongea. Kisha cherehani yake ikaletwa nje, Sipriani akaitengeneza. Kisha chai ikaja. Kwenye gogo langu haikufika hata harufu.

Akatupatia sehemu yote ya mbele, na juu yake masta silinda, ile kuu inayomiminiwa mafuta ya breki. "Chukua, mwanangu," alimwambia Sipriani. "Likatembee." Mimi akanitazama kwa upande akasema, "Na huyu akusaidie kubeba." Nikabeba, mpaka kwenye lori. Dramu mbili za chuma begani si mchezo, na yaliyonitwisha ni maneno ya mwanamke.

Tukarudi, tukafunga. Raba za zile silinda zilikuwa bado nzuri, laini, Sipriani alizibusu kabisa. Mwisho ikafika kazi ya kujaza mafuta na kutoa upepo. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja juu anakanyaga, mmoja chini anafungua na kufunga. Aliye juu haoni, aliye chini hakanyagi, kila mmoja anamwamini mwenzake. Mimi nilikuwa chini.

Nikiwa nimelala pale nikaona, karibu na kiwiko changu, kamba ya mgomba. Kavu, mafundo mawili, imevunjika. Nikainua macho mezani. Chupa mbili, shingo zote wazi.

Sipriani akachukua moja. Pua yake ilikuwa imeziba, alikuwa na mafua wiki nzima, baridi ya huku milimani haikumzoea. Akainama akanionyesha. "Kaka Filbert, ya breki ndiyo hii, siyo?"

Niliijua ile chupa. Ilikuwa na ufa mdogo kwenye kitako, niliijaza mwenyewe kutoka kwenye debe la mafuta ya jeki. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikaona mikono yake misafi imeishika ile chupa. Nikaona chai ya Bi Zainabu.

"Mm," nikasema.

Sikusema ndiyo. Nimejitetea kwa hilo miaka mingi kitandani. Lakini nyie mnajua Mm ni nini.

Akamimina. Akapanda. "Kanyaga!" nikaita. Akakanyaga. "Shikilia! Achia!" Gurudumu hili, gurudumu lile, mpaka upepo ukaisha. Mzee Ramadhani akaja kujaribu pedali kwa mguu wake. "Alaa! Gumu kama jiwe." Nikasema ndiyo, mzee, gumu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Safari ya Kasulu ilipangwa Jumatatu. Nilijiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa nikajiambia Jumapili baada ya misa ni vizuri zaidi, moyo unakuwa laini. Sikutaka afe, jamani, naomba mniamini. Nilitaka gari limwaibishe pale uani, mbele ya watu, liingie kwenye mchicha kama langu. Hicho tu. Mwenye wivu ana hesabu zake, na kwake zinatoka sawa kila mara.

Jumamosi asubuhi nikatumwa Murungu kutengeneza mashine ya kusaga. Nikaenda kwa baiskeli. Mchana narudi, nakuta gereji imefungwa. Nyumbani kwangu kufuli. Jirani anachuma kisamvu, ananiambia kwa furaha, "Mwenzio kaula leo! Mzee kasema Jumatatu mbali, wameondoka na kigari cha Mrundi. Generoza kapewa lifti mpaka Busunzu kwa mama yake. Kakaa mbele kama mke wa Mkuu wa Wilaya!"

Sikumbuki kama niliaga. Nilishika njia ya Busunzu nikakanyaga baiskeli kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Vumbi, jasho, mnyororo ulikatika pingili moja nikaufunga kwa waya. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Generoza, Generoza," kama kichaa. Na sasa niwaambie kitu cha aibu zaidi. Barabarani niliona alama za matairi ya lile gari, zimenyooka kama zimepigwa rula. Halivuti kulia, halivuti kushoto. Mke wangu anakwenda kufa, na mimi moyoni nikasema, mshenzi huyu amelinganisha vizuri. Hata pale. Wivu hauna likizo.

Niliwakuta juu ya kilima, kabla ya ule mteremko mrefu unaoshuka kwenye bonde. Gari lilikuwa limesimama, moshi ukitoka kwenye magurudumu, harufu ya kuungua imejaa. Breki zilikuwa zimeshika, kama nilivyojua zitafanya. Sipriani alikuwa amelala chini na bisibisi, anavilegeza viatu vya breki ili magurudumu yazunguke. Fundi yeyote angefanya hivyo. Lakini viatu vikilegezwa, na raba zimevimba zinaanza kuvuja, kwenye mteremko ule pedali ingekwenda mpaka sakafuni. Akanyanyuka, akajipangusa, akawaambia wapande. Generoza akakaa mbele. Mzee akajivuta nyuma. Sipriani akawasha.

Niliitupa baiskeli mbele ya gari. "Shukeni! Shukeni wote!"

"Filbert?" Generoza akashangaa. "Kuna msiba?"

"Shuka, mama, nakuomba, shuka!"

Sipriani akazima injini, akaja mpaka kwangu. "Kuna nini, kaka?"

"Mafuta," nikasema, pumzi hazitoshi. "Mafuta ya breki siyo."

Akanitazama. Akatazama kifuniko cha masta silinda, bado kimefungwa, kina vumbi la njia nzima. Akasema kwa sauti ya chini, "Sijafungua. Wewe umejuaje?"

Akafungua kifuniko, akachovya kidole, akadondosha tone kwenye maji ya kunywa waliyokuwa nayo kwenye kikombe cha bati. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji. Haya yalielea juu, duara, yanang'aa.

"Nilikuuliza," akasema.

Na mimi, badala ya kupiga magoti, nikamjibu hivi: "Hukuniuliza vizuri."

Mungu anisamehe kwa sentensi ile kuliko hata ile Mm.

Mzee Ramadhani alikuwa ameshuka anakuja. Masikio yake yalikuwa yamechoka kwa miaka ya injini, hakusikia kitu. "Anasemaje? Anasemaje huyu?"

Sipriani akageuka, akainua sauti. "Nimekosea chupa, mzee! Filbert ameigundua gerejini, akatufuata kutuonya!"

Mzee akavua kofia. "Alhamdulillahi," akasema, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtoto. Generoza akaning'ang'ania shati lililoloa jasho, analia. "Kwa baiskeli, mume wangu? Kutoka Murungu, kwa baiskeli?" Juu ya bega lake nilimwona Sipriani anaokota bisibisi, anaifuta.

Kabla ya mvua za masika Mzee Ramadhani aliwaita majirani na wateja, akasimama mlangoni na funguo. "Kuunda gari wengi wataunda," akasema. "Fundi ni yule anayelikimbilia kosa la mwenzake." Akanipa mimi. Nikapokea. Ningeweza kufungua mdomo, nilikuwa nao, lakini nilinyoosha mkono. Sipriani alipiga makofi pamoja na wengine, taratibu, kama siku ile alipokuja kuomba kazi ya kufagia.

Alibaki mpaka akaosha mfumo mzima, akapata raba nyingine kwa jamaa za Bi Zainabu wa pwani, akamaliza gari lake. Likafika Kasulu. Akakaa hukohuko, akafungua gereji ndogo nyuma ya lile duka. Baada ya muda nikaanza kuona magari yanapita mbele ya mlango wangu hayasimami. Ukiuliza dereva unakwenda wapi na breki hizo mbovu, anasema, "Naenda kwa Sipriani." Niliipata gereji, yeye akawapata watu. Mkiwa wadogo mliniuliza kwa nini sipendi jina la Kasulu litajwe wakati wa kazi. Sasa mmejua.

Mara moja tu nilimuuliza. Alikuja kuazima puli ya kuvutia beringi, nywele zimeshaanza mvi. Nikamwambia, "Kwa nini siku ile hukusema kweli?" Nilitaka aniambie alinisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kulia kidogo.

Akaipima ile puli mkononi. "Nilikuwa mgeni, Filbert. Wewe una ndugu hapa, una mke, una miaka minane. Mimi nina mama mzee na kigari. Ningesema, nani angeniamini?" Akaiweka puli begani. "Na shemeji alikuwa analia," akaongeza, akaondoka. Puli aliirudisha wiki iliyofuata, imepakwa grisi.

Generoza hakumsifu tena yule Mrundi tangu siku ile. Alianza kunisifu mimi. Amelisimulia lile jambo kwenye harusi za watoto wetu wote watano, kwenye ubatizo, kwenye foleni ya hospitali. Vijana wakitaka kuoana anawakalisha. "Mkitaka kujua mapenzi, muulizeni huyu baba. Kilima chote kile, kwa baiskeli!" Na kila mara najifanya naona haya, nao wanadhani ni unyenyekevu.

Mwaka jana Sipriani alifariki. Generoza akasema lazima twende Kasulu tukazike. Uwanja ulijaa, sijawahi kuona fundi akizikwa na watu wengi vile. Nilihesabu magari barabarani, nikajikuta nafikiria yangu yatakuwa mangapi. Pale pembeni, chini ya turubai, lilikuwa lile gari lake, limefutwa vumbi, bado lina habu zilezile za Pijo. Walipotoa nafasi kwa marafiki wa zamani kusema neno, mimi nilikaa. Generoza akasimama. Akasimulia. Vilevile, na kilima, na baiskeli, na mnyororo uliokatika, na jinsi marehemu alivyokosea chupa. Jinsi marehemu alivyokosea chupa, mbele ya jeneza lake. Watoto wake walikuwa wanasikiliza wameinamisha vichwa. Mtoto wake wa kwanza, mtu mzima, fundi kama baba yake, akanigeukia kwa heshima.

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee wangu?"

Nikasema, "Mm."

Basi, mmeipata habari ya pua hii. Barua ya namna hii nimeshaiandikia pia familia yake, ipo hapa mezani, nitaituma. Lakini kuna mtu mmoja anayepaswa kusikia kabla yenu na kabla yao. Yuko uani anapepeta maharage, anaimba kidogokidogo. Nimeshamwita mara moja, akasema ngoja amalize ungo. Nimemwita tena. Anakuja, anajifuta mikono kwa kanga, ananiuliza kulikoni.